Seva Isiyolala Saa za Malipo

Tuseme kuna muuza nyama wa Mutuini anayechukua mzigo wake kwenye machinjio ya Dagoretti. Mpwa wake, mwanafunzi wa kompyuta, amemtengenezea tovuti ya kupokea oda. Alfajiri mteja anaagiza kilo mbili, anaweka PIN ya M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu yake. Kwenye tovuti, oda bado imeandikwa "haijalipwa".

Mteja hana kosa. Malipo yakipita, Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, hutuma taarifa kwenye anwani ya seva ya muuzaji. Seva ya mpwa ni ya bure, na nyingi za bure husinzia. Kwenye mpango wa bure wa kampuni ya Render, dakika 15 bila mgeni zinatosha kuilaza seva. Taarifa ikibisha hodi wakati huo, huenda isipate wa kuifungulia. Heroku, iliyolea miradi ya wanafunzi kwa miaka mingi, iliufuta mpango wake wa bure Novemba 2022.

Basi ni kulipa. Aliyewahi kupanga Nairobi ataelewa upesi: seva ya kushirikiana ni chumba cha ploti. Kodi ni nafuu na matengenezo ni kazi ya keateka, lakini jirani akichomeka koili, stima inapotea ploti nzima. VPS, yaani sehemu ya seva uliyotengewa peke yako, ni nyumba yenye tokeni zake. Hapo jirani hakusumbui, ila mfereji ukivuja usiku ni shida yako: viraka vya usalama, nakala za akiba, nywila, hata diski iliyojaa. Wanaoanza hupenda VPS kwa sababu inawapa hadhi ya ufundi. Kwa oda 30 kwa siku, na mpwa akiwa na mitihani, chumba cha ploti kinatosha.

Ploti yenyewe iwe wapi? M-Pesa ilikaa kwenye seva za Ujerumani hadi Aprili 2015 ilipohamishiwa Kenya, na watu walitumiana pesa vizuri tu. Hata hivyo umbali una gharama yake. KIXP, kituo cha Nairobi ambako kampuni za intaneti hubadilishana data bila kuipeleka ng'ambo, kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikarudi Februari 2002. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa muda wa safari ya data ya ndani ya nchi ulishuka kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, anayehifadhi tovuti ng'ambo alipata sababu nyingine ya kutazama nyumbani.

Kuna bili pia. Seva ya ng'ambo ya dola 5 kwa mwezi ilikuwa kama shilingi 800 Januari 2024, dola ilipokaribia shilingi 160. Miezi michache baadaye ikawa kama 650. Kampuni nyingi za hapa hulipwa kwa shilingi, kwa M-Pesa, bila kadi ya benki.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, mpwa alipie mwezi mmoja, aiache tovuti usiku kucha bila kuigusa, kisha saa kumi alfajiri aagize nyama ya shilingi moja.