Sabufa za nganya: kazi iko kwenye betri

Nganya nyingi za Nairobi, yaani matatu zilizopambwa, zimejengwa juu ya chesisi ya Isuzu NQR, na lori hilo lina umeme wa volti 24: betri mbili za volti 12 zilizofuatana kwa msururu. Amplifaya za magari, kwa kawaida, zinataka volti 12. Fundi anayefunga muziki kwenye HiAce ya kwenda Bugarama au Gikundamvura, kule Rusizi nchini Rwanda, hana taabu hiyo. Betri yake ni moja, anaunga na kwenda zake.

Upande wa sabufa ni rahisi. Chukua sabufa mbili, kila moja na koili mbili za omu 4. Koili zote zikiungwa sambamba, amplifaya inakuta omu 1. Koili za kila sabufa zikiungwa kwa msururu, kisha sabufa zenyewe sambamba, inakuta omu 4. Njia ya kwanza huvuta umeme mwingi zaidi, ndiyo maana vijana huipenda, ila amplifaya ambayo mwisho wake ni omu 2 itajizima au itaungua. Kabla ya kufunga kasha, gusisha betri ya tochi, chanya kwa chanya: koni zote ziruke mbele. Moja ikirudi nyuma, besi zinauana, na mwenye gari atasema ameuziwa sabufa feki.

Sasa betri. Amplifaya inayotoa wati 1000 huku ikipoteza asilimia 20 ya umeme inakula wati 1250, yaani ampea 100 kwa volti 12.5. Kipunguza volti cha redio hakiwezi mzigo huo. Basi fundi mwenye haraka anachukua waya kwenye kiungo cha katikati ya betri mbili, na muziki unalia vizuri kabisa. Kwa muda. Betri ya chini, ile iliyoungwa na bodi ya gari, inalisha gari na muziki, ya juu inalisha gari tu, lakini alternata inazichaji kwa mkondo mmoja. Ya chini haishibi, ya juu inavimbiwa.

Dawa ni kisawazisha betri kinachobeba ampea hizo, au alternata ya pili ya volti 12 yenye betri yake. Mimi ningechukua alternata; muziki ukimaliza betri, injini bado itawaka. Na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu inalinda waya, na waya ndio unaopita chini ya viti vya abiria.

Mwenye gari mwenye shaka achukue mita, injini ikinguruma na muziki ukilia, apime kila betri peke yake. Jumla ikiwa volti 28, zigawane 14 kwa 14. Akikuta 12.8 na 15.2, hiyo ya pili tayari inachemsha maji yake.