Kuupima Mkoba wa Msafiri wa Peke Yake

Mtu atakaye kujua ubora wa mkoba wa dharura, yaani ule mfuko mdogo auchukuao msafiri wa nyika au wa mlima ili umfae siku ajali itakapomkuta hana mwenzi, aghalabu huufungua juu ya meza, mchana, hali ameketi kwa raha, akavihesabu vilivyomo. Na akiisha kuona kwamba ni vingi, vipya, na vimepangwa kwa nidhamu, huhukumu kuwa mkoba ni mwema. Hukumu hiyo ni batili. Mkoba hutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyelala chini, aliyevunjika au avujaye damu, ambaye kwa wakati mmoja ndiye majeruhi na ndiye tabibu, na ambaye yamkini amebakiwa na mkono mmoja tu, nao ni ule ambao tangu utoto hakuuzoeza kazi. Kila kitu kilichomo, kuanzia zipu hadi pini ya mwisho, sharti kihukumiwe mbele ya mtu huyo.

Basi na tuanze na zipu, ambayo wanunuzi wengi huipita bila ya kuitazama. Ufunge mkono wako wa kulia kwa kitambaa, ulale chali, ufumbe macho, kisha ujaribu kuufungua mkoba kwa mkono wa kushoto. Utaona mara moja kwamba zipu haifunguki kwa kuvutwa tu, kwa kuwa mkono ukivuta, mkoba mzima huufuata. Ndipo utakapofahamu kwa nini fundi mwenye akili hushona kitanzi cha utepe mpana upande wa pili, kitanzi cha kuumwa kwa meno au kukanyagwa kwa goti, na kwa nini kwenye kishikio cha zipu huongeza kamba yenye fundo nene, linaloshikika hata kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Ukiisha kufunguka, angalia unavyofunguka: mkoba bora hulala wazi kama kitabu, kila kitu kimebanwa mahali pake, na kile cha kuzuia damu kiko juu ya vyote, ilhali ulio dhaifu humwaga vyote mchangani, nawe gizani ukabaki kupapasa. Hali kadhalika shashi iliyofungwa katika karatasi isiyopasuka ila kwa mikono miwili ina kasoro. Iliyo njema huwa na mkato mdogo ukingoni, ili jino lipate pa kuanzia.

Kipimo hiki cha mkono mmoja sikukichagua kwa kupenda ugumu. Mnamo Aprili 2003 kijana Mmarekani, Aron Ralston, akitembea peke yake katika korongo la Bluejohn, jimbo la Utah, aliangukiwa na jabali lililokadiriwa kuwa na uzito wa kilo 360 hivi, likaubana mkono wake wa kulia kwenye ukuta wa korongo. Akakaa hapo zaidi ya siku tano, na maji yake hayakutimia lita moja, mpaka alipoivunja mifupa ya mkono kwa kuipinda, akaukata mkono wenyewe, akashuka kwa kamba genge la mita 20 hivi, akatembea hata akakutana na watu. Kisa hicho husimuliwa kwa ajili ya ushujaa wake, nao ulikuwa mkubwa mno, lakini mwenye kuhukumu vifaa hukitazama kwa jicho jingine. Kisu chake kilikuwa cha mikunjo, cha bei rahisi, na makali yake yalikuwa yamekwisha kwa kuchokolea jabali, hata ilipofika saa ya haja kubwa kuliko zote kikawa butu. Mkanda wa kuzuia damu hakuwa nao. Aliuunda kwa kipande alichokitoa kwenye mrija wa mfuko wake wa maji, akaukaza kwa mkono mmoja.

Mkanda huo ndio moyo wa mkoba, nao ndio unaoghushiwa kuliko kitu kingine, kwa hiyo hapo yafaa tukae kidogo. Wa kweli una upana wa sentimita 4 hivi au zaidi, kwani mwembamba, sembuse kamba ya kiatu au waya, hukata ngozi na kuumiza mishipa ya fahamu bila ya kuibana mishipa mikubwa ya damu iliyo ndani kabisa ya nyama. Kijiti chake cha kukazia kisipinde wala kulia kinapozungushwa. Mishono yake iwe ya safu nyingi, iliyovutwa sawasawa, isiyo na nyuzi zilizotoka nje. Na ile ndoana inayokishika kijiti iwe na mdomo mpana, ili kidole gumba peke yake kiweze kukitia humo. Mkanda wa bandia huonekana sawa na wa kweli machoni, ila ukiukaza pajani kwa mizunguko miwili mitatu, plastiki hujikunja na mshono huanza kufunguka. Ndiyo maana nasisitiza kununuliwe miwili, mmoja wa kujizoeza na mwingine usioguswa mpaka siku yake, kwa sababu uliokwisha kukazwa mara nyingi umekwisha kupoteza nguvu. Mahali pake ni juu ya jeraha, karibu na moyo kuliko jeraha, kiasi cha sentimita 5 hadi 8, wala si juu ya kiungo cha goti au kiwiko. Hukazwa mpaka damu isimame, na saa iliyofungwa huandikwa, kwa hiyo kalamu ya wino usiofutika ni sehemu ya mkanda. Na ieleweke kwamba ni wa damu ya mkono au mguu iliyokataa kuzuiwa kwa kugandamizwa. Aliyeumwa na kifutu asiuguse, kwani kuifungia sumu mahali pamoja ni kuiharibu nyama ya hapo, wala asichanje wala asinyonye. Akitulize kiungo kwa banzi, avue pete na saa kabla uvimbe haujaja, atafute njia ya kufika hospitali.

Juu ya banzi sina mengi, madhali nyika haikosi fimbo, na msafiri mwenye hikima hutazama vitu vyake kwa macho mawili. Joe Simpson, Mwingereza aliyevunjika mguu katika mlima wa Siula Grande, Peru, mwaka 1985, akadhaniwa amekufa, kisha akajikokota siku tatu peke yake barafuni na kwenye mawemawe hadi kambini, aliufunga mguu wake kwa godoro jembamba la kulalia. Kwa hiyo godoro la sifongo lenye kukunjika lahesabiwa nusu ya mkoba. Kilichobaki ni kitambaa cha pembe tatu: kiwe cha pamba, si cha nailoni itelezayo, tena kikubwa, maana kilicho kidogo mno hakifiki nyuma ya shingo ya mtu mzima.

Fauka ya jeraha kuna baridi, ambayo hata chini ya jua la Ikweta haina huruma. Mwaka 1970, katika Mlima Kenya, tabibu wa Austria Gert Judmaier alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, na zaidi ya wiki ikapita kabla ya waokoaji kumfikisha chini. Mwenye kudhani kwamba msaada huja siku ile ile na azingatie hilo anapochagua cha kujifunika. Ile karatasi nyembamba ya kung'aa iuzwayo kwa bei ya chai ni ya kumfunika mtu mwingine, barabarani, kwa muda mchache. Kwa aliye peke yake upepo huipeperusha na mwiba mmoja huichana kutoka ukingo hadi ukingo. Nunua mfuko kamili wa kuingia mwili mzima, mnene, wa rangi ya chungwa, na ujaribu kuuingia ukiwa umekaza goti moja. Usipoweza nyumbani, kule hutaweza.

Filimbi iwe isiyo na kipira ndani, kwani kipira hukwama kwa mate na maji, nayo ifungwe kwenye mkanda wa begi kifuani, si ndani ya mkoba. Pumzi sita kwa dakika, kisha dakika ya kimya, ndiyo lugha ya dhiki ijulikanayo milimani. Kioo kidogo hufika mbali kuliko sauti. Awezaye kununua kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti na anunue, lakini akihukumu kwa kitufe: kiwe na kifuniko kinachoinuka kwa kidole kimoja.

Cha mwisho hakimo mkobani. Ralston hakuwa amemwambia mtu yeyote alikokwenda, na helikopta iliyomchukua ilikuwa hewani ikimtafuta kwa sababu jamaa zake walikuwa wameanza kuulizana baada ya kumkosa. Karatasi ya njia basi nayo ipimwe ubora. Iliyo mbovu husema nakwenda mlimani. Iliyo njema hutaja lango la kuingilia na la kutokea, namba ya gari na lilipoegeshwa, rangi ya koti, dawa anazotumia, na saa hasa ya kuanza kutafuta, yaani nisipopiga simu Jumapili hadi saa kumi na mbili jioni, iarifu mamlaka ya hifadhi. Kisha hukabidhiwa mtu mwenye wasiwasi wa haraka, ambaye haya ya kusumbua watu usiku haitamzuia mpaka asubuhi.