Swali Linalokubali Kukataliwa

Mwanafunzi akikuletea mada inayoanza na "athari za" na kuishia na jina la nchi, mwalimu mwenzangu, mrudishie kwa upole. "Athari za vita kwa uchumi wa Sudan Kusini" ni kazi ya wizara nzima. Mada za namna hiyo hapa Juba hazitokani na uvivu. Vijana wengi wamepitia mapigano ya 2013 na ya 2016, na wanatamani kuyasema yote kwa mkupuo. Tamaa hiyo ni njema. Kazi yetu ni kuitafutia mahali pa kusimama.

Chukua maji. Sehemu kubwa ya mji haina maji ya bomba, hivyo maboza huyabeba kutoka mtoni na kuyauza mitaani kwa pipa. Kijana anaandika "Changamoto za maji Juba". Muulize: kesho asubuhi utamwendea nani? Akibabaika, swali bado bichi. Wiki ijayo anarudi: "Kwa nini pipa la maji hupanda bei mtaa wa Gudele wakati wa mvua?" Amesogea sana, lakini soma tena. Ameshaamua kwamba bei hupanda, na hakuna aliyeipima.

Ningemsogeza hadi hapa: "Bei ya pipa la maji inatofautianaje kati ya Gudele na Kator, Februari na Agosti, na wenye maboza huipanga kwa kuangalia nini?" Sasa kuna bei ya kuandika daftarini, kuna dereva wa kuhojiwa akisubiri zamu ya kujaza, na kuna uwezekano wa kukuta hakuna tofauti yoyote. Uwezekano huo ndio ninaoutafuta kwanza katika swali lolote. Lisiloweza kukataliwa na majibu ni hotuba iliyowekewa alama ya kuuliza.

Swali likishakaa sawa, lenyewe hukuonyesha mtego wake. Pauni ya Sudan Kusini hushuka thamani haraka, kwa hiyo bei ya Agosti ikizidi ya Februari, huenda si mvua. Mwanafunzi makini ataandika siku hiyohiyo bei ya dizeli na ya dola sokoni. Akiliona hilo mwenyewe, mpe nafasi aendelee, amekomaa.

Kuwa mwangalifu na "asilimia ngapi ya wakazi wa Juba". Sensa ya mwisho ni ya 2008, kabla ya uhuru, na tangu hapo watu wamehamia na kuhama kwa wingi. Sampuli itachukuliwa kutoka orodha ipi? Kaya za kichochoro kimoja, zinazohesabika kwa miguu, zitampa jibu la kuaminika zaidi. Na jibu la kweli likiweza kumponza anayelitoa, swali hilo liachwe, hata likivutia namna gani.

Kwa wanafunzi wa sekondari ninapenda mada ya joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzirai Juba. "Je, joto huathiri masomo?" ni pana mno. "Saa nane mchana, darasa la mabati lisilo na dari linazidi lenye dari kwa nyuzi ngapi?" linahitaji vipimajoto viwili, daftari, na ruhusa ya mwalimu mkuu.