Kabureta Safi Huanzia Kwenye Tangi

Kabla hujaisikiliza injini ya pikipiki iliyotoka kwa fundi, chungulia bakuli la chini la kabureta. Kama vichwa vya skrubu vimeliwa, bisibisi haikuwa ya saizi yake na mkono ulioifungua ulikuwa na haraka. Mkono huo sidhani uliihurumia jeti.

Na jeti ndiyo kazi yenyewe, hasa ile ndogo. Tundu lake halifiki nusu milimita. Ndilo linalolisha injini ukiachilia eksileta, kwa hiyo likiziba hata kidogo pikipiki haishiki sailensi, inazima kila unaposimama Kondele, hapa Kisumu, kupakia abiria. Mafundi wengi huchomoa uzi mmoja wa kebo ya klachi na kulizibulia. Kebo ni chuma, jeti ni shaba, na shaba ndiyo inayoliwa. Tundu likishapanuka pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi, na hakuna kuosha kutakakoirudisha. Ni kununua jeti mpya yenye namba ile ile.

Fundi anayejua huiloweka jeti katika petroli safi au dawa ya kabureta, akapuliza hewa ya kompresa kutoka upande wa pili. Nyumbani, uzi mwembamba wa nailoni wa nyavu unatosha, na ufuoni huku haukosi. Kisha iinue ielekee mwanga. Unatafuta duara kamili, lisilo na kinyweleo wala pembe. Ukiona mwanga wenye umbo la yai, usikubali kufungiwa.

Muulize pia alihesabu mizunguko mingapi kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko. Anayejali huikaza polepole hadi igote akihesabu, ndipo aitoe, na akirudisha huirudisha hapo hapo. Mipira na gasketi huitenga pembeni, maana dawa huivimbisha.

Lakini kabureta inayong'aa chini ya tangi chafu itaziba tena upesi. Hapa ndipo ninapowapima mafundi kwa ukali zaidi. Aliyeelewa kazi hufunga koki, akavua mpira wa mafuta, akafungua koki tena na kumwagia petroli kidogo kwenye chupa inayoonyesha na kuiacha itulie. Maji hukaa chini, yamejitenga kabisa. Kutu hulala chini yake. Msimu wa mvua, na kwa pikipiki zinazooshwa ziwani, maji hayo ni ya kawaida sana. Tangi lioshwe, chujio la koki lisafishwe, ndipo kabureta ifunguliwe. Yote haya nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara.

Petroli nayo ina asili yake. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: iliyo safi hukauka isiache kitu, iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua uchanganyaji huo, ila tone kwenye karatasi bado halina gharama. Ufuoni, iwe Dunga, Usenge au Mbita, uliza kwanza kabla ya kununua petroli ya mtungi: huenda imeshatiwa oili kwa ajili ya injini za mashua. Pikipiki ya Boxer au TVS haiitaki oili hiyo. Itafuka moshi na plagi itajaa masizi.

Kazi ikikamilika, fungua koki, injini ikiwa imezimwa, ungoje dakika kumi ukitazama mpira wa kumwagia. Tone likitoka, sindano ya boya haizibi. Kisha washa ikiwa baridi, ondoa choki ikipata moto, uisikilize sailensi: iwe ya sauti moja, na ukivuta eksileta ghafla isikohoe. Endesha kwa muda, fungua plagi. Rangi ya kahawia iliyopauka ndiyo ninayoitaka. Nyeusi ni petroli nyingi; nyeupe ni petroli kidogo mno, na hiyo huunguza injini.

Rangi hiyo ni ya Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kericho inakaribia 2,000, hewa ni nyepesi, na plagi ile ile itaanza kuwa nyeusi. Anayepandisha samaki huko mara moja moja asiguse kitu. Anayehamia huko abadilishe jeti kubwa, aweke ya namba ndogo kidogo.