Hongera, Mafundi wa Usukani

Pongezi ziwafikie mafundi wa gereji zetu, hasa wale wanaoletewa gari lenye usukani mzito unaolia kila likikata kona. Fundi mzuri hakimbilii kubadilisha pampu. Hufungua kopo la haidroliki, akatazama kiwango na rangi ya mafuta. Yakiwa yamepungua, hutafuta panapovuja: husafisha pampu, mipira na raki mpaka pakauke, akatandaza boksi chini ya gari na kumwambia kijana wake awashe injini, azungushe usukani kulia na kushoto. Palipokauka, tone jipya halijifichi.

Hapo ndipo ujuzi unapoonekana, kwa kuwa mafuta husafiri. Yanayodondoka kwenye raki huenda yametoka juu, kwenye maungio ya mpira wa presha, kwa hiyo fundi hufuata unyevu mpaka chanzo chake. Mpira wa kurudishia mafuta ukilegea, klipu mpya yaweza kutosha. Wa presha ukipasuka hubadilishwa, haufungwi kwa waya: presha yake inaweza kuzidi baa 70, ilhali tairi la gari dogo huwa na kama baa 2 tu. Akibinya buti ya raki akakuta mafuta ndani, sili zimekwisha.

Mwisho hutoa hewa kwenye mfumo wa usukani: huinua magurudumu ya mbele kwa jeki, huzungusha usukani injini ikiwa imezimwa, na kuongeza mafuta mpaka mapovu yaishe.

Wenye magari, mpeni fundi wa namna hii muda na ujira wake. Kujaza kopo kila wiki si matengenezo.