Akiba Haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mchezaji wa akiba huoza upesi asipojitunza, hasa katika futiboli ya Marekani. Humo kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, naye ana sekunde mbili tatu tu za kuamua amrushie nani kabla majitu ya upande wa pili hayajamwangukia. Mazoezi ya wiki ni ya kwotabeki wa kwanza: huzoeana na wapokeaji wake hadi mpira unamtoka mkononi wakati mpokeaji hajageuka bado. Wa akiba mara nyingi huachiwa kuigiza mbinu za timu itakayokuja Jumapili, ili mabeki wa kwao wazizoee. Anashinda wiki akicheza mchezo wa watu wengine, halafu mwenzake anavunjika mguu, anaambiwa aingie. Nadai kwamba huu ni ufundi unaojitegemea, na ushahidi wangu ni Earl Morrall.

Morrall alicheza misimu 21, kuanzia 1956 hadi 1976, katika timu sita za NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Mwaka 1968 Johnny Unitas, kwotabeki wa kwanza wa Baltimore, aliumia kiwiko kabla ligi haijaanza. Morrall, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, akashinda mechi 13 kati ya 14 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1972 kocha wake wa zamani, Don Shula, ambaye sasa alikuwa Miami, alimchukua kwa ada ya dola 100. Alikuwa na umri wa miaka 38. Katika mechi ya tano kwotabeki wa kwanza, Bob Griese, akavunjika mguu. Morrall alianza mechi tisa zilizobaki za ligi, na zote Miami ikashinda. Msimu ule uliisha kwa ubingwa na ushindi 17 bila kufungwa, na hakuna timu nyingine ya NFL iliyowahi kufanya hivyo.

Atatokea wa kusema kwamba Miami ilikuwa na Larry Csonka na Mercury Morris, wakimbiaji wawili waliofikisha yadi 1,000 kila mmoja msimu huo, hivyo yeyote angeweza kuwakabidhi mpira. Ni kweli walimbeba Morrall. Ila mgeni anayeingia katikati ya msimu hushawishika kujionyesha, na huyu alikubali kubebwa; kujua timu inataka nini kwako, na kutozidisha, ni nusu ya kazi yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni fainali ya Januari 1969. Mipira yake mitatu ilinyakuliwa, na Jimmy Orr alikuwa peke yake karibu na goli akipunga mikono, Morrall asimwone. Baltimore ililala 16-7 mbele ya Jets ya New York. Siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini Januari 1971, fainali nyingine, Unitas aliumia, Morrall akaingia, Baltimore ikashinda 16-13. Aliyeaibika mbele ya nchi nzima alikuwa bado tayari.

Kuna sehemu ya ufundi huu isiyoandikwa kwenye takwimu: kurudisha kiti. Desemba 31, 1972, kwenye nusu fainali huko Pittsburgh, katika kipindi cha pili, Shula alimrudisha Griese aliyepona, na Griese ndiye aliyecheza fainali. Leo Unitas na Griese wamo katika jumba la heshima la Canton, Ohio. Morrall hayumo, na maadamu wapiga kura wanapima ukuu kwa miaka ambayo mtu alikuwa namba moja, sioni atakavyoingia.