Mkanda wa Ngozi Huanza na Pini

Saa tunayoichambua ni Seiko 5 ya otomatiki, mali ya mkulima mmoja wa Mbingu. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1963, na mpaka leo utaikuta mikononi mwa wazee wengi. Mashine yake ilikuwa nzima. Mkanda wake wa chuma ndio uliokatika, na mwenyewe akataka wa ngozi. Fundi saa wa Ifakara aliyepewa kazi hiyo alitumia muda mwingi bila kuigusa ngozi yenyewe. Alikuwa anashughulika na pini, na hapo ndipo kazi ya namna hii hufaulu au huharibika.

Pini ya mkanda ni mrija mwembamba wa chuma wenye springi ndani na ncha mbili zinazobonyea. Ncha hizo hukaa ndani ya vitundu vilivyo kwenye masikio ya saa, yaani zile pembe nne zinazoushika mkanda. Bonde la Kilombero halina huruma na kifaa kidogo kama hiki. Kuna joto, kuna jasho la shamba, kuna maji ya majaruba, na masika ikishika kila kitu hulowa. Chumvi ya jasho na vumbi hujazana kitunduni, ncha inashika kutu, springi inakufa. Ukiitazama pini utadhani imekaa imara, kumbe inashikiliwa na uchafu.

Pini ya upande wa namba 12 ilitoka kwa bisibisi nyembamba. Ya upande wa namba 6 iligoma. Fundi hakuilazimisha. Alibandika selotepu juu ya masikio yasichubuke, akachovya sindano kwenye mafuta ya cherehani na kudondosha tone kila upande, kisha akaiacha saa na kuhudumia wateja wengine. Aliporudi aliisogeza pini kushoto na kulia, taratibu, mpaka ikaachia. Ingegoma tena, angeikata katikati kwa koleo na kuitoa vipandevipande. Pini ni kitu cha bei ndogo, lakini sikio likipinda halina spea. Mwisho alisafisha vitundu kwa kijiti chenye spiriti, mafuta yasije yakaitia madoa ngozi mpya.

Kisha kikaja kipimo. Kati ya sikio na sikio rula ilisoma milimita 19. Seiko nyingi za zamani ziko hivyo, ilhali mikanda inayotundikwa madukani mingi ni ya 18, 20 au 22. Mtu mwenye haraka hununua wa 18 pamoja na pini zake, akaona umeingia vizuri, akaondoka. Hajui kwamba ncha za pini hiyo zinagusa vitundu kwa juujuu tu, na kwamba mkanda wenyewe utakuwa unateleza huku na huku, ukizisukuma kila mara. Siku mkanda utakaponaswa kwenye kamba ya gunia la mpunga, saa itakuwa chini.

Fundi wetu alilitatua jambo hili kwa kutenganisha maamuzi mawili. Kwenye pini hakulegeza: alichukua mpya mbili za milimita 19, akazijaribu kwanza bila mkanda, ncha zikajaa kwenye vitundu bila kuchezacheza. Kwenye ngozi alikubali kurekebisha. Alichukua mkanda wa 20, akaupunguza kwa wembe mpya nusu milimita kila upande, pale tu unapopita kati ya masikio, akichunga asiuguse mshono. Kingo alizozikata alizisugua kwa nta ya mshumaa ili zisinywe maji. Ngozi hupunguzwa na hubanwa. Pini fupi hairefuki.

Kuufunga hakukuchukua muda. Kipande kifupi chenye bizimu kilienda upande wa namba 12, kirefu chenye matundu upande wa namba 6. Ncha moja ya pini iliingizwa kwanza, ya pili ikabonyezwa na kutelezeshwa mpaka ikalia ndani ya kitundu chake. Halafu fundi akafanya jambo ambalo wengi hulisahau: akaushika mkanda kwa mkono mmoja na saa kwa mwingine, akavuta kwa nguvu, akapindisha pande zote juu ya kitambaa kilichotandazwa mezani. Pini ambayo haikukaa sawasawa huchomoka hapo, mbele ya fundi.

Kuhusu uamuzi wa mwenye saa, mimi ningemshauri kidogo. Ngozi haifai kupandikizia mpunga. Ikilowa ifutwe kwa kitambaa kikavu na kuanikwa kivulini. Jua kali na moto huikausha mpaka ipasuke. Wakati wa masika isifungiwe kwenye mfuko wa plastiki, itaota ukungu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa kuwekwa nayo kwenye droo. Shambani avae mkanda wa nailoni wa bei nafuu. Kwa kuwa sasa pini ni za kipimo chake na vitundu ni safi, anaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani kwake Mbingu, bila nauli ya kwenda Ifakara.